Jibu: Kishikwambi kimoja, watoto 70

Habari mwalimu. Umesema una kishikwambi (tablet) kimoja, kile tulichogawiwa baada ya Sensa ya 2022, watoto 70 wa darasa la pili, na darasani hakuna intaneti, ukauliza utakitumiaje kufundishia kusoma. Nami nilianzia hapo hapo.

Kabla ya yote jaribu sauti. Iwashe watoto wakiwemo, kisha kasimame nyuma kabisa. Mimi sikusikia kitu! Nikanunua spika ndogo ya kuchaji.

Skrini ile haiwezi kutazamwa na darasa zima, usijitese. Kinachonisaidia ni kinasa sauti kilichomo kwenye kishikwambi. Wengine wakiandika, naita watoto sita mkekani, kila mmoja anasoma mstari, kisha wanajisikiliza. Mtoto mmoja alikuwa akisoma "baba" kama "dada". Aliposikia sauti yake alishtuka, akaomba kurudia. Mimi nilikuwa nimemsahihisha wiki nzima bila mafanikio. Kwa siku napitia vikundi viwili tu, na inatosha.

Vitabu vya kiada visome nyumbani kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ukiandaa somo. Chaji usiku. Madarasa ya juu sijajaribu, waliojaribu watuambie.