Ukungu mweupe kwenye kalamu za mninga: sababu zake na namna ya kuuzuia

Fundi mmoja wa Tanga ameuliza atumie vanishi gani badala ya supaglu, kwa sababu kalamu zake za mninga zinatoka kwenye kerezo, yaani mashine ya kuzungushia mti unapochongwa, zinameta, halafu kesho yake zina ukungu mweupe na gundi inabanduka kwenye ncha. Ndugu yangu, usiiache supaglu, badilisha namna ya kuipaka. Supaglu ikipakwa kwa subira hutoa mng'ao ambao vanishi ya dukani haiufikii, na jasho la mkono haliuchakazi upesi.

Supaglu hugandishwa na unyevu ulio hewani. Pwani unyevu ni mwingi, kwa hiyo mvuke wa gundi hugandia hewani kabla haujatawanyika, kisha unatua juu ya kalamu kama unga. Ukipaka nene, mvuke unaongezeka. Ukipulizia dawa ya kuharakisha gundi igande kwa karibu, gundi inachemka na kubakiza vipovu ndani. Paka mchana hewa ikiwa kavu, usipake alfajiri wala mara baada ya mvua. Weka feni ipeperushe mvuke pembeni, isiielekee kalamu. Dawa ikikulazimu, puliza mara moja tu kutoka sentimita 30.

Kwa kalamu zilizokwisha kuharibika, sugua sehemu ndogo kwa msasa wa maji namba 600. Ukungu ukiondoka, ulikuwa wa juu tu. Madoa yakibaki, ni vipovu, na hapo hakuna dawa ila kukwangua gundi yote kwa patasi na kuanza upya.

Mng'ao wenyewe hujengwa kwenye mti mtupu. Anza na msasa 150, kisha 220, 320, 400 na 600, usiruke hata mmoja. Kila unapomaliza namba, simamisha mashine usugue kwa mkono kufuata urefu wa mti, maana mistari ya mviringo haionekani mbao ikiwa kavu lakini gundi huianika yote. Futa vumbi kwa asetoni. Mninga una vinyweleo vikubwa: dondosha supaglu nyepesi kidogo na usugue papo hapo kwa msasa 400, vumbi lake lizibe matundu. Anayeruka hatua hii anamuuzia mteja kalamu yenye vishimo, na mteja ataviona siku ya kwanza atakapoishika juani.

Sasa paka. Kasi ya mashine iwe mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika. Weka matone mawili au matatu kwenye tishu ya jikoni iliyokunjwa, pitisha mara moja kutoka mwisho hadi mwisho, uache. Ukirudia juu ya gundi iliyoanza kushika, unavuta matuta. Tabaka tatu za gundi nyepesi, kisha sita hadi nane za wastani. Subiri kila moja iache kunata. Kitambaa cha pamba usikiguse kabisa, wala glavu za pamba: supaglu ikikutana na pamba hutoa joto kali, inafuka moshi na inaunguza vidole. Vaa miwani na ufungue madirisha.

Kubanduka kwenye ncha kunatokana na bushi, yaani pete za chuma zinazoishika kalamu pande zote mbili kwenye mashine. Gundi hushika bushi na mti pamoja, nawe ukizitenganisha kwa nguvu unapasua ukingo, kisha maji ya kusugulia yanapenya humo. Paka bushi nta ya mshumaa, na kata kiungo kwa wembe kabla ya kutoa. Bora zaidi, wakati wa kupaka ondoa bushi za chuma, ushikilie kalamu kati ya koni mbili za plastiki laini ya polithini, ambayo supaglu haiishiki vizuri. Kisha ziba mikato ya pande zote mbili kwa tone la gundi nyepesi kabla ya maji kufika.

Iache ilale usiku mzima. Kesho yake sawazisha kwa msasa wa maji 600 mpaka uso wote ufifie. Doa linalometa ni bonde, endelea. Fuata 800, 1000, 1500 na 2000 kwa maji yenye tone la sabuni, umalizie kwa kompaundi ya kung'arishia rangi ya gari na kitambaa cha flana.

Mpingo ni habari nyingine. Mafuta yake yanaisukuma gundi, na hata ukiufuta kwa asetoni unapaswa kupaka mara moja kabla hayajapanda tena. Ushauri wangu ni kuuacha bila gundi. Klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, hutengenezwa kwa mpingo, na mti wake hutunzwa kwa mafuta. Sugua hadi 2000 kwa mkono mwepesi, kwa sababu joto la msasa uliokandamizwa hupasua mpingo, kisha maliza kwa nta ya nyuki kidogo sana, ukiifuta mpaka kidole kisiache alama.