Dagaa hawajikaushi, virusi havijibadilishi

SWALI: Ukutani mwa zahanati ya mtaani kwetu, Kirumba, Mwanza, pamebandikwa karatasi inayosema: "Virusi ya mafua makali hujibadilisha kila mwaka ili kukwepa chanjo." Mwenzangu anadai ingekuwa "virusi vya". Mimi naona neno la kigeni halina haja ya kuvalishwa ngeli zetu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Mwenzako. Ni virusi vya, na kikiwa kimoja ni kirusi (kwa k ndogo, chenye K kubwa kinazungumzwa Moscow). Neno asili yake Kilatini, huko likimaanisha sumu. Sisi tulisikia vi- mwanzoni tukaliweka pamoja na vitu na vyombo, kama tulivyokipokea kitabu cha Waarabu na kipilefti cha madereva. Ushahidi unao mdomoni: unasema VVU. Ingekuwa "virusi ya", leo tungepimwa VYU. "Virusi hii" ya vijiweni nimechoka kuipiga vita. Ya ukutani, hapana.

Hilo limekwisha. Sasa niache nimgeukie aliyeandika karatasi hiyo, maana umepita juu ya kosa kubwa zaidi bila kulikanyaga: hujibadilisha… ili.

Nenda hapo mwaloni. Dagaa wameanikwa asubuhi, jua likawaka, jioni mama anawazoa na kusema wamekauka. Hasemi wamejikausha. Dagaa anayejikausha ni yule aliyetoka ziwani kwa hiari, akachagua kichanja, akalala chali, na ilipofika saa saba akajigeuza upande wa pili. Ukiongeza "ili apate bei nzuri Kongo", umempa na daftari la biashara.

Hayo ndiyo aliyofanyiwa kirusi. Nje ya seli hakili wala hakipumui. Kikiingia katika seli ya pua au koo lako, seli ndiyo inayotumikishwa kutoa nakala. Vinasaba vyake ni vipande 8 vya RNA (kemikali inayobeba maagizo ya urithi, binamu wa DNA), na kimeng'enya kinachovinakili hakirudi nyuma kusahihisha, basi makosa hubaki. Mengi huiharibu nakala yenyewe. Machache huangukia protini za juu, hemaglutinini na neuraminidase, zile H na N za H3N2 (jina la aina mojawapo ya mafua hayo), ambazo kwazo kingamwili zako humtambua mgeni. Nakala iliyokosewa ikatoka na sura ngeni ndiyo inayoponyoka na kuendelea kuzaana. Kirusi mama hakikubadilika hata kidogo. Uzao wake ndio uliotoka tofauti. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) hukutana kila Februari na Septemba kuchagua upya virusi vya kutengenezea chanjo. Wanaokaa kikao ni watu, si virusi.

Hata yale mabadiliko ya ghafla hayana mpangaji. Virusi viwili vya aina tofauti vikikutana ndani ya seli moja, vipande vyao huvurugika na kirusi kipya hutoka na mchanganyiko. Ndivyo ilivyokuwa katika milipuko ya mafua iliyoenea duniani 1957 na 1968, vipande vya virusi vya ndege vilipoingiliana na vya binadamu. Kirusi cha mlipuko wa 2009 kilibeba vipande vya nguruwe, vya ndege na vya watu. Kiswahili kina neno la haki kwa jambo hilo: vimechanganyika.

Na hiyo "ili" ing'olewe pamoja na "ji" yake, maana "ili" hudai mtu mwenye nia. Andika: "Virusi vya mafua makali hubadilika, hata kinga ya mwaka jana isivitambue." Maana yote imo, na hakuna aliyesingiziwa ujanja.

Najua utanirudi: mbona tunasema "mlango umejifunga"? Tunasema, tena kwa kushangaa, kwa kuwa tuliuacha wazi na aliyeufunga hatukumwona. Huyo ni mtu aliyefungiwa nje, funguo ziko ndani, namvumilia. Zahanati haikufungiwa nje na mtu.