Anza na uzi na jiwe

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa darasa la sita wanataja hatua zote za uchunguzi wa kisayansi bila kukosea, ila wakiambiwa wachore grafu wanakodoa macho. Hizo hatua ziache kwanza. Wape uzi, mawe mawili, rula na saa ya simu yako; jiwe lifungwe kwenye uzi na kuning'inizwa kwenye msumari ili libembee.

Swali likae juu ya ukurasa: jiwe zito hubembea haraka kuliko jepesi? Kila mtoto aandike ubashiri wake kwa kalamu ya wino na asiufute hata ukishindwa. Hapo nakusihi usilegeze, maana watoto wetu wamezoea kufuta kosa kabla mwalimu hajaliona.

Wasipime mbembeo mmoja; kidole huchelewa kubonyeza. Wahesabu kumi, kwenda na kurudi, mara tatu, kisha watafute wastani. Jiwe libembezwe kidogo tu, na urefu upimwe kutoka kwenye msumari hadi katikati ya jiwe, si kwenye fundo. Wataona uzito haubadilishi kitu.

Sasa wabadilishe urefu. Kwa mibembeo kumi, urefu wa sentimita 25 hutoa sekunde 10 hivi, 50 hutoa 14, mita 1 hutoa 20. Wachore kwenye daftari la hesabu lenye visanduku, urefu ukiwa mhimili wa ulalo. Wengi wataunganisha nukta kwa rula. Usiwakataze. Waulize mstari wao unasemaje kwa sentimita 10, halafu wapime: watapata kama 6, chini ya walivyotarajia, na wenyewe wataanza kuupinda mstari.