“Nifanye niwe mweupe”: barua zenu kwa mpambaji

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 21. Tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa naiba wanja wa mama mdogo na kuwapaka wenzangu wakati wa mapumziko. Nilichapwa sana na sikukoma. Sasa nataka kupamba maharusi iwe ndiyo kazi yangu, lakini baba anasema hiyo si kazi, ni mchezo wa mbele ya kioo. Nina akiba ya shilingi laki mbili. Nianze na nini? – Binti wa Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili, maana mimi nilikuwa naiba poda. Nimelelewa na bibi, Ngamiani, Tanga, naye alikuwa akisinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa manukato. Siku chache kabla ya ndoa utamkuta mkekani anatwanga mawaridi makavu na karafuu, liwa, ule mti wa manukato, inasagwa jiweni, marashi yanatiwa kidogo kidogo. Kazi yangu ilikuwa kushika kibakuli. Macho yangu lakini yalikuwa kwa bibi harusi: siku ya kwanza anaingia amejikunyata, siku ya mwisho anapewa kioo, ana wanja machoni, anajitazama kimya. Hakuna kitu kilichowahi kunivuta namna ile, na mwaka huu natimiza miaka 22 nikipamba watu.

Baba yako usimbishie kwa maneno. Nunua daftari. Andika kila mteja, alicholipa, ulichotumia kwake, nauli ya bodaboda, kilichobaki. Baba yangu mimi alinyamaza siku alipoliona daftari, na tangu hapo akawa ndiye ananigongea mlango saa kumi alfajiri nikiwa na harusi ya asubuhi.

Laki mbili inatosha kuanza, ila usiimalizie kwenye kisanduku cha rangi 100 za macho. Utatumia nane. Nunua fondesheni, yaani rangi ya msingi ya uso, tatu za maji: moja nyeusi kabisa, moja ya kahawia ya katikati, moja ya njano. Kwa kuzichanganya utafikia ngozi nyingi za nchi hii. Ongeza kibati na kijiko bapa cha kuchanganyia, brashi chache nzuri, sponji, pamba na spiriti. Lipstiki ikwangue kwa kijiko uiweke kwenye kibati, usiipitishe mdomoni kwa mtu mmoja kisha kwa mwingine. Brashi usiipulize kwa mdomo. Maskara tumia vijiti vya kutupa, na chupa ikifikisha miezi mitatu tangu kufunguliwa, iage. Macho ya watu si ya kufanyia ubahili.

Kisha jifunzie kwa watu wa aina zote, si rafiki zako wa miaka 21 tu. Mpake bibi yako. Mpake shangazi mwenye makovu ya chunusi. Mkalishe kaka yako umpunguze mng'ao wa paji la uso, kwa sababu bwana harusi naye anapigwa picha.

SWALI: Dada, mimi ni mpambaji mwenzio, nipo Mwanza. Wateja wengi wakikaa kwenye kiti wanasema, “Nifanye niwe mweupe.” Nikikataa wanakwenda kwa mwingine. Unafanyaje?

JIBU: Mdogo wangu, hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika kazi yetu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Bibi harusi wangu wa kwanza niliyelipwa kwa ajili yake, shilingi elfu tano, aliniomba hivyo hivyo, na mimi nikatii. Nilimpaka fondesheni nyeupe kwa hatua mbili kuliko rangi yake, nikamalizia na poda nyeupe ya silika ambayo ikishapakwa haionekani kwa macho. Chumbani alipendeza. Picha zilipotoka, mwanga wa kamera ulikuwa umeirudisha ile poda yote: uso wa majivu, shingo na mikono rangi yake halisi. Hakunilaumu. Alizitazama tu, akaziweka chini kifudifudi. Tangu siku ile sijampaka mtu rangi isiyo yake.

Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu, amesimulia kwamba alipofika New York mwaka 1975, akitokea Nairobi alikokuwa akisoma chuo kikuu, mpambaji alimuuliza kama amekuja na fondesheni yake mwenyewe. Hakukuwa na ya rangi yake. Akapakwa iliyokuwepo, akajitazama, akajiona wa kijivu. Akaanza kuchanganya zake mwenyewe, na mwaka 1994 akafungua kampuni ya vipodozi vya ngozi zetu. Kwa hiyo yule bibi harusi wangu wa Tanga na Iman walitazama kioo kimoja. Tofauti ni kwamba siku hizi rangi zipo madukani. Kisingizio hatuna tena.

Ninachofanya ni hiki. Simkatalii mteja mlangoni. Namkalisha karibu na dirisha, nampaka mistari mitatu kuanzia taya kushuka shingoni, tunasubiri dakika kumi, maana fondesheni nyingi hubadilika zikikutana na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea ndio wake. Usijaribie mkononi, mkono na uso ni watu wawili. Halafu nampaka nusu ya uso kwa rangi yake na nusu kwa ile anayoitaka, nampiga picha kwa taa ya simu, nampa simu mwenyewe aitazame. Wengi wanachagua bila mimi kufungua mdomo. Ukiuliza vizuri, utagundua mara nyingi hataki weupe, anataka mwanga: paji la uso lisionekane limechoka, chini ya macho kusiwe na giza. Hilo tunaliweza kwa rangi ya chungwa kidogo chini ya macho na mng'ao kwenye mashavu.

Kuna anayekuja tayari ameshajikoroga kwa vipodozi vya kuchubua ngozi, uso wa manjano na vifundo vya vidole vyeusi. Usimtangaze mbele ya mashoga zake. Mkiwa wawili mwambie ukweli: haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, zebaki hupenya ngozi ikaumiza figo, na akiwa mjamzito humfikia mtoto. Kopo likiandikwa “mercury”, “calomel” au “Hg”, asilipake. Lisiloandikwa chochote pia asilipake. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, huko ndiko pa kupeleka taarifa ya duka linaloviuza.

Nimepoteza wateja kwa msimamo huu, ndiyo. Wengine wamerudi na mabinti zao.

SWALI: Mwanangu amepakwa piko nyeusi mikononi, siku ya pili akatoka malengelenge. Harusi ni Ijumaa. Naweza kuficha kwa mekapu? – Mama, Unguja

JIBU: Hapana mama, usipake chochote juu ya malengelenge. Mpeleke hospitali leo. Piko hiyo ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na aliyeungua nayo mara moja ngozi yake huikumbuka, kwa hiyo awe mwangalifu hata na rangi nyeusi za nywele maisha yake yote. Ijumaa mvalishe nguo ya mikono mirefu ya kitambaa laini. Hina halisi hutoa wekundu wa kahawia, tena huchukua saa kadhaa. Inayotoa weusi wa lami kwa nusu saa si hina.

SWALI: Nina miaka 63, namwoza mwanangu wa mwisho. Sijawahi kupakwa mekapu maishani. Nikipakwa nitachekwa? – Mama wa Dodoma

JIBU: Shikamoo mama yangu. Atakayekucheka nitafutie. Mwambie mpambaji wako asikujaze poda, kwa sababu poda hukaa kwenye mikunjo na kuichora. Akupake krimu nyepesi kwa vidole, nyusi azijaze bila kuzinyoa, mdomo auzungushie kalamu kwanza ili rangi isitambae. Mwende mkajaribu wiki moja kabla, si asubuhi ya harusi. Chukua kitambaa cha nguo utakayovaa, na miwani yako usiiache nyumbani: wanja wa nyuma ya miwani hupakwa kwa unene mwingine, na lazima akuone ukiwa umeivaa.