Kwa Aika, kuhusu swali la yule kijana wa kipaimara

Mwanangu Aika,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Machame tuko salama, ila baridi imemkamata mama yako magoti.

Unasema vijana wako wa kipaimara hapo Arusha wamekariri Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya imani, neno kwa neno, lakini ukiwauliza maana wanatazamana. Ukawaeleza Utatu, yaani Mungu mmoja aliye Baba, Mwana na Roho, kwa mfano wa maji, barafu na mvuke, na mmoja akakuuliza: "Sasa Yesu alipoomba Gethsemane alikuwa anaongea na nani?" Ukamjibu kwamba hilo ni fumbo. Sasa unataka kujua kama uachane na kukaririsha, ufundishe kwa mazungumzo tu.

Usiache. Ila tuanze na huyo kijana, maana amekuzidi hapo. Maji yakishakuwa barafu si mvuke tena. Ukifundisha hivyo, umewapa Mungu anayebadili sura: mara Baba, mara Mwana, mara Roho. Fundisho hilo lina mwenyewe, Sabellius, karne ya 3 huko Roma, na kanisa lilimtenga kwa sababu hiyo. Mfano wa yai, ganda, ute na kiini, nao ni mbovu vilevile: ganda peke yake si yai, lakini Mwana ni Mungu kamili. Achana na mifano. Wafungulie Mathayo 3:16-17. Mwana ndiyo kwanza ametoka majini, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja. Halafu wafungulie Kumbukumbu la Torati 6:4, Bwana ni mmoja. Kanisa lilikataa kuacha andiko lolote kati ya hayo, na kasisi Arius alipokuja kusema Mwana ni kiumbe tu, maaskofu wakakutana katika mji wa Nikea mwaka 325 kumkatalia. Kwa hiyo Gethsemane Yesu alikuwa anaongea na Baba yake. Mtoto wa miaka 14 analimudu jibu hilo. Fumbo lipo, tena kubwa: namna gani hao watatu ni Mungu mmoja. Lakini ukilitaja kabla hamjafika hapo, watoto wanaona mwalimu anafunga mjadala.

Kuhusu kukariri, Martin Luther mwenyewe, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, aliliona tatizo lako. Mwaka 1528 alizunguka kukagua sharika za Saksonia, Ujerumani, akakuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawana afadhali. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimu Ndogo. Katika dibaji anaagiza utaratibu: kwanza maneno, yaleyale kila mara, usiyabadilishe-badilishe, yakishakaa, ndipo ufundishe maana. Sharika nyingi huishia kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu siku ya kuhojiwa mbele ya usharika mzee wa kanisa anasikiliza kama mtoto amekwama, hasikilizi kama ameelewa. (Na wazazi wako kwenye kamati ya ndafu na keki. Daftari la kipaimara hawajawahi kulifunua.)

Chukua Amri ya Nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Wataikariri kwa sekunde tano. Maelezo ya Luther yanakwenda mbali zaidi: yanamtaka mtu amtetee jirani, amnenee mema, na ayachukulie mambo yake kwa upande mzuri. Hapo waulize: picha ya mwanafunzi mwenzenu imetumwa kwenye kundi la WhatsApp, wote wanacheka, kumtetea ni kuandika nini? Waandike kweli, kwenye daftari, maneno ambayo wangetuma. Utaona kalamu zinavyosimama. Hata kwenye maelezo ya Kanuni ya Imani, pale Luther anapotaja nguo na viatu, chakula, nyumba, shamba na mifugo kuwa vipawa vya Muumba, mwambie kila mmoja aendeleze orodha kwa vitu vya kwao.

Jambo dogo litakalokusumbua: wale wanaosali pia na majirani Wapentekoste watakuambia hiyo ya kushuhudia uongo ni amri ya tisa. Hawajakosea. Biblia haikuziandikia amri namba. Sisi na Wakatoliki tunahesabu hivi, wao vile. Waambie hivyo, usiwaache wagombane.

Usiwafundishe ishirini kwa mkupuo mmoja, wengine watajificha nyuma. Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Old Moshi mpaka 1938, aliwapanga vijana wa kipaimara kwa undugu wa rika wa Kichagga, wachache wachache, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake. Mengi ya Gutmann siyakubali, alitaka Mchagga abaki wa kale kuliko Mchagga mwenyewe alivyotaka, lakini hilo alipatia. Wagawe watatu watatu, wakaririshane wenyewe, na muda wako utumie kwenye maswali.

Jumamosi hii anza na swali la yule kijana. Mpe yeye asome Mathayo 26:39, na darasa zima lijibu kabla yako. Luka 2:46 inamwonyesha Yesu, karibu umri wa hao hao wako, kati ya walimu akisikiliza na kuuliza maswali, kwa hiyo asije akaona aibu kwa kuuliza. Likija usilolijua, mwandikie mchungaji wenu swali hilo na ulisomee darasa jibu lake.

Ndizi mama yako atazituma na basi la Alhamisi. Mpokee kondakta mapema, safari iliyopita zilifika zimeiva.

Baba yako