Usilipie seti hiyo ya betri na kontrola kabla ya kusoma ampea za BMS

Ndugu, usilipie seti hiyo. Umeandika kwamba unajenga nakala ya umeme ya Vespa, ile skuta ya Kiitaliano, ya mwaka 1946, kwamba umepata betri ya volti 72 yenye BMS (kifaa cha kielektroniki kinacholinda seli za betri) ya ampea 40, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa itaiendesha kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) ya ampea 80 bila tatizo. Niliambiwa maneno hayohayo, nikayaamini, na betri yangu ikaishia kutupwa ikiwa bado mpya.

Kontrola haijui uwezo wa betri. Unapopanda mlima, au unapoondoka kwa nguvu kutoka mahali uliposimama, huvuta ampea zote ilizopangiwa, na BMS ikiona kiwango chake kimepitwa hukata umeme papo hapo. Skuta yangu ilikuwa ikizimika katikati ya magari, pamoja na taa zake zote. Nilipomrudia muuzaji, alinishauri niiruke BMS na kuunganisha waya hasi wa kontrola moja kwa moja kwenye betri, akidai kwamba kifaa hicho kina kazi wakati wa kuchaji tu. Ushauri huo unanikasirisha hadi leo, kwa sababu anayeishi kwa kuuza betri hana udhuru wa kutojua kwamba BMS ndiyo inayozuia seli zisikamuliwe kupita kiasi.

Betri ya aina hiyo huwa na makundi 20 ya seli za lithiamu yaliyounganishwa kwa mfululizo, kila kundi likiwa na volti 3.6. Kontrola husoma jumla ya volti peke yake, na jumla inaweza kuonekana nzuri ilhali kundi moja dhaifu limekwisha kushuka chini ya volti 2.5. Likiendelea kukamuliwa hadi karibu na sifuri, shaba iliyo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na ukilichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipostahili, ikaleta shoti ya ndani na hata moto.

Kwa hiyo kikomo cha kontrola lazima kiwe chini ya ampea ambazo BMS inaweza kuzitoa mfululizo, wala usihesabu zile za kilele, ambazo hudumu kwa sekunde chache tu. Tafuta kontrola ambayo kikomo chake hurekebishwa kwa programu, ukiweke kwenye ampea 35. Hutapungukiwa: volti 72 kwa ampea 35 ni wati 2,520, na ile Vespa ya kwanza aliyoibuni Corradino D'Ascanio, yenye injini ya sentimita za ujazo 98, ilikuwa na nguvu za farasi 3 na kidogo, yaani karibu wati 2,400. Hata ukitoa kinachopotea kwenye mota, bado unakaribiana nayo, tena mota ya umeme ina msukumo tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Ukizitaka kweli hizo ampea 80, nunua BMS ya ampea 100 pamoja na seli zinazoumudu mzigo huo.

Kuhusu bodi ya skuta, usikate sakafu ili kupata nafasi ya betri, kwa kuwa bati lile lililokunjwa ndilo fremu yenyewe. Rangi itasubiri. Weka hapa picha ya lebo ya BMS na ya seli, tuzisome pamoja kabla hujatuma pesa.