Marathon wiki ijayo na kila kiungo kinauma, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kocha. Wiki ijayo nakimbia marathon yangu ya kwanza, nimepunguza mazoezi kama ratiba inavyotaka, sasa tangu nipunguze ndo balaa limeanza, juzi goti, jana ugoko, leo koo linawasha na watoto hapa nyumbani wote wana mafua, yani silali nawaza mazoezi ya miezi yote ile yataenda bure. Je, nianze kumeza dawa za maumivu mapema? Na homa ikinishika nijikaze tu nikimbie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Maumivu yanayohamahama hivyo wakimbiaji wengi sana wanayapata wakishapunguza mazoezi. Una muda sasa wa kusikiliza kila msuli, halafu misuli inajaza akiba ya wanga na kila gramu moja ya wanga inakaa na maji kama gramu 3, ndo maana miguu unaiona mizito na mizani imepanda kidogo. Usiogope, na tafadhali usitoke kukimbia mbio ndefu eti unalijaribu goti, hapo ndo watu wanaumia kweli.

Ila ugoko uangalie vizuri. Kama maumivu yamekaa palepale kwenye mfupa, ukipabonyeza kwa kidole unashtuka, yanazidi unavyokimbia na usiku bado yanauma, nenda kwa daktari kabla ya mbio, maana inaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa na ukiupeleka kilomita 42 unaweza kuvunjika kabisa. Maumivu yoyote yanayokufanya uchechemee nayo usiyapuuze.

Mafua sasa. Wakimbiaji wanatumia shingo kama mpaka: pua kutiririka, chafya, koo kuwasha kidogo, hayo yako juu ya shingo na mara nyingi unaweza kukimbia taratibu. Yakishuka chini, yani kikohozi cha kifuani, mwili mzima kuuma, kuharisha, au ukiwa na homa, hukimbii. Hapo kwenye homa sibembelezi mtu, kwa sababu virusi vingine vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo na ukiulazimisha moyo ufanye kazi ngumu kwa masaa manne au matano unahatarisha maisha. Na kumeza panadol ili joto lishuke asubuhi ya mbio hakuondoi ugonjwa, kunauficha tu.

Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac usimeze kabla ya mbio wala katikati. Ukikimbia muda mrefu damu inayoenda kwenye figo inapungua, ukiongeza upungufu wa maji na hizo dawa figo zinaweza kuumia vibaya, halafu zinakuziba usisikie mguu unapokuambia simama.

Kwa watoto nawa mikono kwa sabuni kila ukiwahudumia, kikombe chako kiwe chako na usijipanguse kwa taulo zao. Usingizi jitahidi kuupata kuanzia leo, ule wa mkesha wa mbio ukiukosa haina shida sana, karibu kila mtu hugeuka geuka kitandani. Na leo hii soma masharti ya mbio uliyojiandikisha, baadhi ya waandaaji wanakubali kuhamishia nafasi yako mwakani, sasa kama homa itakuja uwe unajua mapema nani wa kumpigia.